Seli Shina na Kuunga kwa Mifupa Iliyovunjika

Ngozi ya mwanadamu ikikatwa kwa kina hupona, lakini huacha kovu. Msuli wa moyo ukifa kwa kukosa damu, mahali pake huzibwa na kovu pia, na kovu hilo halidundi. Mfupa si hivyo. Mfupa uliovunjika, ukitunzwa ipasavyo, huunga kwa mfupa halisi. Na baada ya miaka michache hata mtaalamu mwenye picha ya eksirei mkononi aweza kushindwa kuonyesha mahali ulipovunjika, hasa ikiwa aliyevunjika alikuwa mtoto. Tofauti hii imewashughulisha wataalamu kwa muda wa karibu karne tatu. Ni nani afanyaye kazi hiyo ya ujenzi ndani ya mwili? Hutoka wapi, na kwa nini mara nyingine hushindwa?

Jibu fupi ni kwamba kazi hiyo hufanywa na watoto wa seli chache za pekee ziitwazo seli shina, ambazo hukaa kimya katika mfupa wenyewe zikingojea kuhitajiwa. Jibu refu ndilo shabaha ya makala haya.

Mfupa ni Tishu Hai

Wanafunzi wengi hudhani kwamba mfupa ni kitu kikavu kilichokufa, pengine kwa sababu mifupa waionayo ni ile iliyobaki sahanini au iliyotundikwa maabara. Mfupa ulio mwilini una mishipa ya damu, una neva, na una seli hai mamilioni kwa mamilioni. Uimara wake watokana na vitu viwili vilivyosukwa pamoja: nyuzi za protini iitwayo kolajeni, na chembe ndogo sana za madini ya kalsiamu na fosfati zilizojipanga juu ya nyuzi hizo. Kolajeni huuzuia mfupa usiwe mwepesi kuvunjika. Madini huupa ugumu.

Jambo hili laweza kuthibitishwa darasani bila ya gharama kubwa. Mfupa mwembamba wa mguu wa kuku hutiwa ndani ya chupa ya siki, nayo siki hubadilishwa kila baada ya siku mbili au tatu. Baada ya wiki moja au zaidi asidi iliyomo katika siki itakuwa imeyayusha sehemu kubwa ya madini, na mfupa utapindika kama kipande cha mpira. Mfupa wa pili huchomwa katika moto wa mkaa mpaka uwe mweupe. Hapo kolajeni imeungua, yamebaki madini matupu, na mfupa huo hupukutika kwa vidole. Ule mfupa wa kwanza, uliovuliwa madini yake, utarejewa baadaye, kwa kuwa mfupa wa namna hiyo ndio uliofungua mojawapo ya siri kubwa za elimu hii.

Ndani ya mfupa mna seli za aina tatu zilizo muhimu kwetu hapa. Za kwanza ni seli zijengazo mfupa, ambazo wataalamu huziita osteoblasti. Hizi hutema kolajeni na kusimamia uwekaji wa madini. Baadhi yake hujikuta zimezungukwa na ukuta ziliojenga zenyewe, na hapo hugeuka kuwa aina ya pili, osteositi, ambazo hukaa ndani ya vijumba vidogo zikiwasiliana kwa mikono mirefu na kuhisi uzito unaobebwa na mfupa. Aina ya tatu ni seli zibomoazo, yaani osteoklasti. Hizi ni kubwa, zina viini vingi, nazo huyayusha mfupa mkongwe kwa asidi na vimeng'enya. Watu husikitika wasikiapo kwamba mwili unabomoa mifupa yake wenyewe, lakini pasipo ubomoaji hapana ukarabati.

Juu ya hayo, upande wa nje wa mfupa umevikwa utando mwembamba uitwao periosti. Mfupa mbichi wa ng'ombe kutoka buchani ukikwaruzwa kwa kisu, utando huu hubanduka kama ngozi nyembamba nyeupe. Mpishi huutupa. Kwa mfupa uliovunjika, utando huo ni hazina.

Maana ya Seli Shina

Seli nyingi za mwili zimekwisha kuchagua kazi zake na haziwezi tena kuibadili. Seli ya msuli haiwi seli ya ini, na seli nyekundu ya damu haiwezi hata kujigawa, kwa maana haina kiini. Seli shina ni ile ambayo haijafunga milango yake yote. Ina sifa mbili, na zote mbili hutakiwa pamoja: yaweza kujigawa na kuacha nyuma yake seli shina nyingine mfano wake, na yaweza pia kuzaa seli ambazo zitakomaa na kushika kazi maalumu. Mgomba watoa mfano mzuri. Mkungu ukikatwa, shina lililozaa hufa. Lakini tunguu lililo ardhini hubaki, likatoa machipukizi, na shamba likaendelea. Tofauti ni kwamba tunguu la mgomba hutoa migomba tu, ilhali seli shina ya mfupa yaweza kutoa seli za mfupa, seli za gegedu, na seli nyingine zinazotegemeza uboho.

Yafaa kuondoa dhana moja ambayo huleta mabishano yasiyo ya lazima. Watu wengi walisikia kwa mara ya kwanza habari za seli shina katika mjadala juu ya kiinitete, yaani mimba changa ya siku chache, ambamo seli zaweza kuwa karibu kila kitu. Seli shina za mifupa si hizo. Hizi ni za mtu mzima, zimo katika kila mwili uliokamilika, na uwezo wake una mipaka.

Tena, ndani ya uboho wa mfupa mna koo mbili za seli shina zinazoishi ujirani. Ukoo mmoja huzaa damu. Kuwapo kwake kulithibitishwa na James Till na Ernest McCulloch huko Toronto, Kanada, katika majaribio ya panya waliyoyachapisha mwaka 1961. Ukoo wa pili huzaa mifupa. La ajabu ni kwamba seli zijengazo mfupa hutoka katika ukoo wa mifupa, bali seli zibomoazo hutoka katika ukoo wa damu. Mjenzi na mbomoaji wa nyumba moja wana wazazi mbalimbali.

Utafutaji wa Karne Tatu

Mtu wa kwanza kuuliza swali hili kwa njia ya majaribio alikuwa Mfaransa aliyejulikana zaidi kwa elimu ya miti, Henri-Louis Duhamel du Monceau. Katika maandishi aliyoyatoa kati ya miaka 1739 na 1743 alieleza jinsi alivyopitisha nyuzi za fedha chini ya utando wa mifupa ya wanyama, na baada ya majuma kadhaa akazikuta nyuzi hizo zimefunikwa na mfupa mpya. Akahitimisha kwamba utando ndio ujengao. Kwa kuwa alikuwa mjuzi wa miti, aliufananisha utando huo na tabaka laini lililo chini ya gome, ambalo huongeza unene wa shina mwaka hata mwaka. Mfano huo haukufa: hadi leo tabaka la ndani la periosti huitwa na wataalamu kwa jina lilelile la tabaka la mti, yaani kambiamu.

Zaidi ya miaka mia moja baadaye Louis Ollier, daktari wa upasuaji wa Lyon, alihamisha vipande vya periosti ya wanyama na kuvipandikiza mahali pengine, navyo vikaota mfupa. Kitabu chake kikubwa kilitoka mwaka 1867. Lakini William Macewen wa Glasgow hakukubali. Yeye mwaka 1881 aliieleza Royal Society ya London jinsi alivyomrudishia mtoto sehemu kubwa ya mfupa wa mkono wa juu kwa kupandikiza vipande vya mifupa ya watoto wengine, akashikilia kwamba periosti ni ganda tu la kuzuia mfupa usitawanyike, na kwamba mfupa huzaliwa na mfupa. Ubishi huo uliendelea muda mrefu. Ukitazamwa kwa ujuzi wa sasa, kila mmoja alikuwa ameshika upande mmoja wa ukweli: seli shina zimo katika utando, na zimo pia ndani ya mfupa na uboho wake.

Aliyezitoa seli hizo gizani ni Alexander Friedenstein, aliyefanya kazi Moscow katika miaka ya 1960 na 1970. Njia yake ilikuwa nyepesi kiasi cha kushangaza. Alichukua uboho wa wanyama wadogo wa maabara, akautawanya katika chombo chenye lishe, kisha akangoja. Seli za damu zilielea. Seli chache zikanata chini. Akayamwaga yaliyoelea. Zile zilizonata zikaanza kujigawa, na kila moja ikafanya kundi lake, kama mbegu zilizotawanyika shambani na kila moja ikaota kichaka. Aliporudisha seli hizo katika mwili wa mnyama, mahali ambapo hapana mfupa, kwa mfano chini ya gamba la figo, zilijenga mfupa. Si mfupa tu: ndani ya mfupa huo ukafanyika uvungu, na katika uvungu seli za damu za mnyama mwenyeji zikaja kufanya makao. Hivyo basi seli hizo chache zilikuwa na uwezo wa kujenga nyumba nzima pamoja na vyumba vya wapangaji. Nazo ni haba kweli kweli. Katika uboho wa mtu mzima hukadiriwa kuwa ni seli moja tu katika kila seli 10,000 hadi 100,000.

Jina lililoenea zaidi, seli shina za mesenkima, lilitolewa na Mmarekani Arnold Caplan mwaka 1991. Mwaka 2017 Caplan mwenyewe alipendekeza jina hilo libadilishwe, kwa sababu lilikuwa limeanza kutumiwa kuuzia watu matumaini. Jambo hilo litatajwa tena mbele.

Siku Mia Moja za Ukarabati

Na tuchukue mfupa wa goko, ambao ni mfano mzuri na wa kusikitisha. Mtu akipitisha kidole juu ya goko lake ataona kwamba upande wa mbele mfupa umefunikwa na ngozi tu, pasipo msuli. Kwa ajili hiyo ukivunjika mara nyingi hutoboa ngozi, na damu inayoufikia ni kidogo.

Mfupa unapokatika, mishipa ya damu iliyomo ndani yake na katika periosti hupasuka. Damu humwagika kati ya ncha mbili na kuganda katika muda wa saa chache. Bonge hili si uchafu. Majaribio ya wanyama yameonyesha kwamba likiondolewa, kupona huchelewa. Ndani yake huingia seli nyeupe za kulinda mwili, zikala mabaki yaliyokufa, zikatoa kemikali za kuita. Uvimbe, joto na maumivu ya siku za mwanzo ni dalili za kazi hiyo.

Wito huo huziamsha seli shina. Katika siku chache tabaka la ndani la periosti, ambalo kwa mtu mzima lilikuwa jembamba mno, hunenepa kwa wingi wa seli zinazojigawa. Hapa ndipo panapotokea jambo la kupendeza kuliko yote katika habari hii, yaani uchaguzi. Pembeni, mahali ambapo mishipa ya damu ni mizima na mfupa umetulia, watoto wa seli shina hugeuka moja kwa moja kuwa wajenzi wa mfupa. Katikati ya ufa, mahali ambapo oksijeni ni haba na ncha zinachezacheza, haohao hugeuka kuwa wajenzi wa gegedu, kitu laini kama kile kilichomo sikioni, ambacho chaweza kuishi bila ya mishipa ya damu. Mwaka 2009 Céline Colnot alionyesha katika panya kwamba seli za periosti zina uwezo wa kufanya yote mawili, gegedu na mfupa, ilhali zile za uboho hufanya hasa mfupa.

Kwa nini gegedu kwanza? Stephan Perren wa Uswisi alilieleza jambo hilo kwa hesabu ambayo mwanafunzi yeyote wa fizikia aweza kuifuata. Ikiwa ufa una upana wa milimita 1, na ncha zikisogea kwa milimita 1, kitu kilichomo ndani ya ufa kimenyooshwa kwa asilimia 100. Tishu changa ya kidonda huweza kuvumilia kiasi hicho. Gegedu huvumilia asilimia 10 hivi. Mfupa hauvumilii zaidi ya asilimia 2, ukizidishiwa hukatika. Kwa hiyo mfupa hauwezi kuanza kujengwa katika ufa unaocheza, kama vile fundi asivyoweza kutandaza saruji juu ya mbao zinazotikisika. Tishu changa hupunguza mwendo kiasi cha kuiruhusu gegedu, nayo gegedu hupunguza mwendo kiasi cha kuuruhusu mfupa.

Gegedu hiyo huizunguka sehemu iliyovunjika kama nundu, na nundu hiyo ni pana kuliko mfupa wenyewe. Mgonjwa huigusa akadhani kwamba mfupa umeungwa vibaya. La, ni uhandisi mzuri. Ugumu wa nguzo ya mviringo dhidi ya kupindwa huongezeka kwa kipeo cha nne cha kipenyo chake, maana yake nguzo yenye kipenyo mara mbili ni ngumu kupindika mara 16. Mwili hutumia kitu laini, lakini hukifanya kinene.

Baada ya majuma mawili au matatu hivi seli za gegedu huanza kuvimba, na madini huanza kutanda kati yake. Mishipa midogo ya damu hupenya, ikileta oksijeni, seli zibomoazo, na wajenzi wapya. Kwa muda mrefu vitabu vya shule vilifundisha kwamba seli za gegedu zote hufa katika hatua hii. Uchunguzi wa panya uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha vinginevyo: baadhi yake hubadili kazi na kuwa wajenzi wa mfupa. Mwalimu mwenye kitabu cha zamani hana budi kulisahihisha hilo.

Nundu sasa ni ngumu, na katika eksirei huonekana kama wingu jeupe. Mfupa wa goko la mtu mzima huchukua miezi mitatu hadi minne kufikia hali ya kubeba uzito, na pengine zaidi. Kulabu ya bega la mtoto mdogo huunga kwa majuma matatu tu. Yanayofuata ni kazi ya kimyakimya ya miezi na miaka: seli zibomoazo hukwangua palipozidi, wajenzi huongeza palipopungua, na nundu hutoweka kidogo kidogo kwa kufuata njia ambazo uzito hupita. Kanuni hiyo huitwa kwa jina la Mjerumani Julius Wolff, aliyeitangaza mwaka 1892.

Daktari akizibana ncha mbili kwa bamba la chuma mpaka zisicheze kabisa, nundu haitokei, na mfupa huunga pole pole kwa seli zinazochimba na kujenga kuvuka ufa. Njia zote mbili ni halali.

Mfupa Unapokataa Kuunga

Katika mwezi wa Oktoba mwaka 1965 Valery Brumel, Mrusi aliyeshinda medali ya dhahabu ya kuruka juu katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964, alipata ajali ya pikipiki mjini Moscow, akavunjika mguu vibaya. Alipasuliwa mara nyingi kwa muda wa karibu miaka mitatu, na mfupa haukuunga. Mwaka 1968 alikwenda Kurgan, Siberia, kwa daktari Gavriil Ilizarov, aliyekuwa ametengeneza tangu miaka ya 1950 chombo cha pete za chuma zinazozunguka mguu na kushikwa na nyaya nyembamba zinazopenya mfupa. Brumel alipona, akaweza hata kuruka tena zaidi ya mita 2. Ilizarov alikuwa amegundua pia kwamba ncha mbili zikivutwa zitengane polepole, milimita 1 kwa siku katika sehemu nne za robo milimita, seli hujenga mfupa mpya katika nafasi inayofunguka. Zikivutwa kwa haraka mno hakuna kinachojengwa ila kovu. Polepole mno, mfupa huunga kabla ya wakati.

Msiba wa Brumel si wa wanariadha tu. Makadirio ya kawaida husema kwamba kati ya watu 5 na 10 katika kila 100 waliovunjika mifupa mirefu hukawia mno kupona au hawaponi. Kwa kawaida husemwa kwamba mfupa umekataa kuunga ikiwa imepita miezi tisa, na katika mitatu ya mwisho hapana dalili ya maendeleo. Kwa Afrika ya Mashariki, ambako pikipiki za abiria zimejaza barabara na wodi za mifupa, miezi tisa ya magongo yaweza kuwa ni shamba lisilolimwa na karo isiyolipwa. Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1996, hupokea majeruhi wa namna hii kila siku.

Sababu za kukataa ni chache, nazo zote zaweza kufuatwa mpaka kwenye seli. Mfupa ukicheza mno, ufa hujazwa nyuzi za kovu, na pengine huota kiungo cha uongo ambacho hupindika kama goti la pili. Bakteria wakiingia katika kidonda kilicho wazi, mapigano hayaishi na ujenzi hauanzi. Damu ikikosekana, seli zilizoamshwa hufa njaa. Moshi wa tumbaku hubana mishipa midogo na kuipunguzia damu oksijeni, na wavutaji sigara hupatwa na tatizo la mfupa kutounga takriban mara mbili zaidi ya wasiovuta. Kisukari na uzee navyo hupunguza idadi na nguvu za seli shina.

Hapa panafaa neno juu ya waunga mifupa wa jadi. Lugha yenyewe yashuhudia ukongwe wa kazi yao, kwa maana gango ni kile kipande cha kuungia kilichovunjika, na neno hilo ni ndugu ya kuganga na mganga. Kutuliza mfupa kwa mabanzi ni kanuni sahihi, na mivunjiko mingi iliyofungika huunga mikononi mwao kwa sababu seli shina hazibagui aliyefunga. Hatari ni kamba kukazwa mno. Mguu uliovunjika huvimba, na kamba iliyokuwa sawa asubuhi yaweza kuwa kitanzi jioni. Damu ikizuiliwa kwa saa chache, msuli hufa. Ikizuiliwa zaidi, mguu hukatwa. Vidole vikiwa baridi, vikafa ganzi au kugeuka rangi, vifungo hufunguliwa papo hapo, viwe vya mianzi au vya plasta ya hospitali.

Kuongeza Seli kwa Mkono wa Daktari

Madaktari walikuwa wakipandikiza seli shina kabla ya kujua jina lake. Tangu mwanzo wa karne ya ishirini, mfupa uliokataa kuunga uliwekewa vipande vya mfupa laini kutoka katika nyonga ya mgonjwa mwenyewe. Njia hii bado ni kipimo ambacho nyingine zote hulinganishwa nacho, kwani vipande hivyo huleta mambo matatu kwa pamoja: seli hai, kiunzi cha kujengea, na kemikali za kuita. Kasoro yake ni jeraha la pili, lenye maumivu, penye nyonga.

Kemikali za kuita ziligunduliwa na Marshall Urist wa Los Angeles. Aliuvua mfupa madini yake kwa asidi ya hidrokloriki, kama ule mfupa wa kuku katika siki, akaupandikiza ndani ya msuli wa sungura. Mfupa huo ulikuwa umekufa kabisa, lakini katika msuli ulizuka mfupa mpya, uliojengwa na seli za sungura mwenyewe. Habari hiyo ilitoka mwaka 1965. Iliyofanya kazi ni protini iliyonaswa kati ya nyuzi za kolajeni, ambayo huziamuru seli zilizo karibu kushika njia ya mfupa. Leo hujulikana kwa herufi BMP. Mwaka 2004 Marekani iliruhusu mojawapo, BMP-2, itumiwe katika mivunjiko ya wazi ya goko. Bei yake ni kubwa, na mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ilitoa onyo baada ya wagonjwa waliotiwa protini hiyo shingoni kuvimba kiasi cha kuhatarisha pumzi. Amri ya kujenga mfupa si kitu cha kutawanya ovyo.

Njia ya tatu ni kupeleka seli zenyewe. Mwaka 2005 Philippe Hernigou na wenzake nchini Ufaransa walichapisha habari za wagonjwa 60 ambao mifupa ya goko ilikuwa imekataa kuunga. Uboho ulinyonywa kwa sindano kutoka katika nyonga, ukazungushwa kwa mashine ili seli zikusanyike, kisha ukadungwa penye ufa kwa kuongozwa na eksirei, bila ya kupasua. Wagonjwa 53 waliunga. Lakini lenye thamani zaidi katika kazi hiyo ni wale saba. Wataalamu hao walikuwa wamehesabu seli zenye uwezo wa kufanya makundi, kwa njia ileile ya Friedenstein, na wakaona kwamba wale saba walikuwa wamepata seli chache kuliko wenzao. Basi idadi ndiyo iliyokuwa na neno. Uchunguzi huo haukuwa na kundi la kulinganisha lisilopewa tiba, nao kwa hiyo hauwezi kutoa hukumu ya mwisho; hata hivyo ulieleza kwa nini uboho uliodungwa hivi hivi, pasipo kukusanywa, mara nyingi huleta matokeo dhaifu. Kunyonya nako kuna ufundi wake: sindano ikivuta uboho mwingi mahali pamoja, kinachoingia ni damu tupu, kwa hiyo huvutwa kidogo kidogo kutoka sehemu nyingi.

Kutoka hapo hadi kwenye matangazo ya zahanati zinazouza sindano za seli shina kwa kila ugonjwa, kuanzia goti hadi upofu, ni mwendo mrefu ambao sayansi haijaupita. Seli nyingi zinazouzwa kwa jina hilo hazijawahi kuhesabiwa wala kujaribiwa kama zinajenga chochote, na wako watu waliopatwa na maambukizo au kupoteza macho kwa sababu yake. Caplan alikuwa na haki ya kulionea jina lake haya.

Utafiti wenyewe unasonga mbele kwa hatua fupi. Mwaka 2018 kundi la Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, lilitangaza kwamba limezitenga seli shina za mifupa ya mwanadamu kwa kuzitambua alama zilizo juu ya kuta zake, jambo ambalo Friedenstein hakuwa na vyombo vya kulifanya. Seli hizo hutoa mfupa, gegedu na tishu za kutegemeza uboho, lakini hazitoi mafuta, tofauti na zile mchanganyiko zilizotumiwa zamani. Mwaka 2021 kundi hilohilo lilionyesha kwamba katika panya wazee seli shina za mifupa hazipungui nguvu tu, bali pia hutoa kemikali zinazozichochea seli zibomoazo kupita kiasi. Panya hao walipotiwa BMP-2 penye mvunjiko, pamoja na kitu cha kuizuia kemikali hiyo ya uchochezi, mifupa yao iliunga kwa nguvu iliyokaribia ile ya vijana.